Hotuba Njema Huanzia Katika Vitabu

Tarehe 1 Desemba ya kila mwaka Kanisa la Kongo hufanya sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, bikira na mfiadini. Pengine mkatekumeni huombwa na mwalimu wake asimame mbele ya Wakristu siku hiyo, awaeleze maisha yake kwa maneno machache. Kazi hiyo ni heshima, tena ni mzigo, kwa maana watu watalishika kama kweli neno lo lote watakalolisikia. Basi imempasa mwenye kusema atafute kwanza, ndipo aseme.

1. Mfano wa Mtakatifu Luka

Luka hakuwa mmoja wa wale Mitume kumi na wawili. Mwanzoni mwa Injili yake (Lk 1, 1-4) aeleza kwamba alichunguza kwa bidii mambo yote tangu mwanzo, yaliyopokewa kutoka kwa watu walioyaona kwa macho yao. Kisha akayaandika kwa taratibu, ili Teofilo apate kujua hakika ya mafundisho aliyopewa. Kutafuta, kuhakikisha, kupanga: hizo ndizo kazi tatu za mwenye kutayarisha hotuba.

2. Swali moja

Aingiaye maktabani bila swali hutoka na maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Maisha ya Anuarite yana mambo mengi: utoto, masomo, utawa, kifo. Hotuba ya dakika tano haiwezi kuyabeba yote. Mkatekumeni achague swali moja, aliandike juu ya ukurasa wa daftari lake, kwa mfano: Anuarite alimsamehe nani, na kwa nini?

3. Kukipata kitabu

Maktaba ya misioni pengine ni chumba, pengine ni kabati moja tu. Mahali penye vitabu vingi pengine pana kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Kitabu kimoja chaweza kutafutwa kwa njia tatu: kwa jina la mwandishi, kwa jina la kitabu, au kwa jambo kinalolieleza. Nambari iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Katika maktaba nyingi vitabu vya dini huanzia nambari 200, na vya historia ya Afrika nambari 960. Asiyejua amwulize mtunza vitabu. Kuuliza si aibu. Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume (Mdo 8) alikuwa mtu mkubwa, naye alikubali kuelezwa na Filipo.

Akiisha kukipata kitabu, asianze kukisoma chote. Atazame kwanza mwaka wa kupigwa chapa, kisha orodha ya yaliyomo, kisha faharasa ya mwishoni, inayoonyesha kila jina liko ukurasa gani. Hivyo kazi ya siku tatu yaweza kumalizika kwa saa moja.

4. Majina yanayobadilika

Hapa wengi hupotea. Anuarite aitwa pia Nengapeta, na jina lake la kitawa ni Marie-Clémentine. Lakini mtu ni yule yule mmoja. Mji aliofia ni Isiro, ambao zamani uliitwa Paulis. Tena nchi ya Kongo iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 hata 1997. Kwa hiyo kitabu cha mwaka 1985 chasema Zaire. Asiyejua hayo atadhani amesoma habari za watu wawili na miji miwili.

5. Kuandika katika daftari

Kila neno analolichukua aliandike pamoja na jina la kitabu na nambari ya ukurasa, ili akiulizwa aweze kujibu. Daftari lake laweza kuwa na mambo haya:

– Anuarite alizaliwa Wamba. Aliingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu.
– Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, waasi waliwachukua masista wa Bafwabaka, wakawapeleka Isiro.
– Kiongozi mmoja wa askari alimtaka awe mke wake. Anuarite alikataa, akashika nadhiri yake.
– Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akamsamehe mwuaji wake.
– Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Katika Misa ile Baba Mtakatifu naye alimsamehe mwuaji kwa jina la Kanisa lote.

6. Neno lisilohakikishwa

Wazee nao ni hazina, na aliyeishi siku zile aulizwe kwa heshima. Lakini neno la kusikia liandikwe mbali na neno la kusoma, kisha yalinganishwe. Hatari iko hapa: mtu akiongeza ya kwake, akasema kabila fulani lote ndilo lililomwua Anuarite, atakuwa ameigeuza habari ya msamaha kuwa mbegu ya kisasi. Wasikiaji watarudi nyumbani na chuki, nao walikuja kusikia habari za mtu aliyesamehe. Kusema hivyo ni kuvunja Amri ya Nane, hata kama msemaji alitaka tu kuipamba hotuba yake. Neno lisilo na hakika liachwe.

7. Kupanga na kujizoeza

Hotuba ina sehemu tatu. Mwanzo wataja swali. Katikati paeleza mambo mawili au matatu yaliyohakikishwa. Mwisho waonyesha tendo moja la kufuata, kama kupatana na jirani kabla ya Misa. Kisha msemaji aisome kwa sauti mbele ya mwenzake, mara mbili au tatu. Pale mwenzake asipoelewa, abadili maneno.

Maswali

1. Mtakatifu Luka alifanya nini kabla ya kuandika?
2. Kitabu chatafutwa kwa njia ngapi?
3. Kwa nini neno la kusikia liandikwe mbali na neno la kusoma?
4. Kabla ya sikukuu ijayo, kila mkatekumeni achague Mtakatifu mmoja, aandike swali moja, na ajibu kwa mambo matatu aliyoyahakikisha kitabuni.