Kwenda Songea kwenye Kongamano: Treni Itakuacha Makambako

Reli haifiki Songea. Hilo lifahamike mapema, mgeni asije akapanga safari kwa kuhesabu stesheni. Treni ya TAZARA hutoka Dar es Salaam, hukatiza eneo lililokuwa sehemu ya pori la Selous, hupanda milima kutoka Mlimba hadi Makambako, kisha hushika njia ya Mbeya na Zambia. Wewe unateremka Makambako, na mbele yako bado kuna karibu kilomita 300 za lami. Mahandaki na madaraja ya kipande hicho cha Mlimba yanastahili kutazamwa, lakini treni haipo kila siku na ratiba yake huteleza. Mwenye mada ya kuwasilisha saa tatu asubuhi asiitegemee. SGR, inayofika Dodoma tangu 2024, itakufaa hadi Morogoro tu, nami sioni faida yake: mabasi ya kusini mara nyingi hupita pale yakiwa yameshajaa.

Wengi huja kwa basi, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mwenye siku moja ya ziada. Mabasi huanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri, na kutoka Dar hadi Songea ni kilomita zipatazo 950, kwa hiyo utaingia usiku. Kata tiketi siku kadhaa kabla, hasa mwishoni mwa Februari. Wakati huo mji hupokea wageni wa Kumbukizi ya Mashujaa wa Maji Maji, ambayo kilele chake ni tarehe 27, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Nyumba za wageni nazo huwahiwa. Weka sweta kwenye begi la mkononi, si kwenye buti ya basi. Njombe ina baridi ya kweli, na abiria wa kutoka Dar hulikumbuka sweta wakati basi limeshasimama na upepo unaingia mlangoni.

Wenye gari dogo wasiifanye safari hii kwa siku moja. Lala Iringa au Mafinga. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo una kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Ruaha Mbuyuni utauziwa vitunguu dirishani, lakini heri uvinunue wakati wa kurudi. Mlima Kitonga una kona kali na malori yanayopanda kwa kujikongoja; usiyapite kwa pupa. Ukishaiacha Njombe, hatari inahamia Lukumburu. Ni mteremko wa kona nyingi, na Februari ni kipindi cha mvua, kwa hiyo ukungu unaweza kukufunika mchana kweupe. Jaza mafuta Makambako au Njombe, na uhakikishe unaipita Lukumburu jua likiwa bado juu.

Anayetoka Mtwara au Lindi hana sababu ya kuzungukia Dar. Barabara ya Masasi, Tunduru na Namtumbo ni ya lami, na siku hizi inakufikisha Songea bila kulala porini, jambo ambalo wazee wa Tunduru walilisubiri miaka mingi.

Ndege inatua Ruhuwiko, pembezoni mwa mji. Air Tanzania hutumia ndege za pangaboi, na safari yenyewe ni fupi mno ukilinganisha na siku nzima ya basi. Kasoro yake ni kwamba si ya kila siku, na masika yanaweza kuivuruga. Mzungumzaji mkuu aje kwa ndege, lakini aje siku moja kabla ya ufunguzi. Kuja asubuhi ileile ya kongamano ni kumtia presha mwenyeji wako.

Ukifika kwa basi, usidhani umeingia mjini. Stendi kuu iko Shule ya Tanga, nje ya mji kwenye barabara ya Njombe. Mchana kuna daladala. Usiku utachukua bajaji, na bei ikubaliwe kabla mzigo haujapakiwa. Mtajie dereva mtaa, iwe Majengo, Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki, kwa sababu nyumba ya wageni iliyofunguliwa juzi huenda asiijue kwa jina.

Tiketi ya kurudi inunue siku hiyohiyo unayofika. Kama basi lako linaondoka alfajiri, panga na dereva wa bajaji tangu jioni, uchukue namba yake ya simu, na umwambie aje nusu saa kabla ya muda unaoutaka.