Sanduku Moja la Posta, Shule Nzima: Jinsi ya Kuendesha Seva Nyingi kwa Anuani Moja ya Intaneti

Chukua fomu ya kujiunga na sekondari yoyote ya bweni kule Mbulu au Hanang. Juu kabisa utakuta S.L.P. moja tu, ya Mbulu au ya Katesh. Wanafunzi mia kadhaa, walimu, mhasibu na mkuu wa shule wanatumia sanduku hilo hilo. Barua zikifika, karani wa shule anazichukua posta, anasoma jina lililoandikwa juu ya bahasha, na kila mtu anapata yake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa sanduku ni moja, basi mtu mmoja tu ndiye aruhusiwe kupokea barua.

Sasa nenda fildi kwenye shule, hospitali au halmashauri, uwaambie unataka kuweka mfumo wa pili wa wavuti. Jibu utakalopata mara nyingi ni hili: "Anuani yetu ya intaneti ni moja, na tovuti imeshaikalia. Huo mfumo wako tuukodishie nafasi nje." Jibu hilo si sahihi, na makala hii inaeleza kwa nini. Wanachuo wa kompyuta wataona hatua za kazi. Wenzetu wa afya, ualimu na utawala nao wasome, kwa sababu kesho wao ndio watakaosaini bajeti.

Kwa nini anuani ni chache

Anuani za IP za toleo la nne, yaani IPv4, zimeundwa kwa biti 32. Jumla yake ni 4,294,967,296, idadi ambayo haifikii hata watu waliopo duniani. Akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na tangu Januari 2020 iko katika hatua ya mwisho ya kubana matumizi, ambapo ombi moja haliwezi kupewa zaidi ya anuani 1,024. Kwa hiyo mtoa huduma akikupa anuani moja ya umma na kukutoza pesa kila mwezi, si ubahili tu. Bidhaa yenyewe ni adimu.

Ndani ya taasisi hali ni tofauti. Tangu 1996 kuna mafungu ya anuani yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani, kwa mfano zote zinazoanza na 192.168 au na 10. Hizi mtu yeyote anazitumia bila kuomba ruhusa, lakini hazionekani nje. Rauta ndiyo inayosimama katikati na kutafsiri kati ya anuani za ndani na ile moja ya nje. Kazi hiyo inaitwa NAT.

Poti peke yake haitoshi

Dawa ya kwanza ambayo wengi wanaijua ni kugawa poti. Poti ni namba inayoonyesha huduma ndani ya anuani moja. Wavuti wa kawaida unatumia 80, na ule uliofungwa kwa usalama unatumia 443. Unaweza kuiambia rauta: anayekuja poti 443 mpeleke kwenye seva ya tovuti, na anayekuja poti 8443 mpeleke kwenye seva ya maktaba.

Inafanya kazi, ila ina kero zake. Mtumiaji lazima aandike namba ya poti mwishoni mwa jina, na mzazi aliyeko Dongobesh hatakumbuka 8443. Mitandao mingi ya ofisini na ya vyuo inazuia poti zisizo za kawaida. Halafu kila poti unayofungua ni mlango mwingine wa kulinda.

Jina ndilo linaloamua

Dawa nzuri zaidi ni ile ya karani wa shule, yaani kugawa kwa jina. Brauza ikitaka ukurasa, haiendi tu kwenye anuani ya IP na kugonga. Ndani ya ombi lake inaandika jina la tovuti inayotafutwa, kwenye mstari unaoitwa Host. Zamani mstari huo haukuwa wa lazima, na ndiyo maana miaka ya 1990 ilizoeleka kwamba kila tovuti iwe na anuani yake. Toleo la HTTP/1.1, lililochapishwa Januari 1997, liliufanya uwe wa lazima. Tangu hapo anuani moja imeweza kubeba tovuti mia.

Likabaki tatizo moja. Mawasiliano yakisimbwa kwa TLS, ombi lote linakuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Karani anaona S.L.P. tu. Jina liko ndani, na hawezi kufungua bahasha kabla hajajua ni ya nani. Mwaka 2003 likaja jibu, nyongeza inayoitwa SNI: brauza inataja jina la tovuti wakati wa salamu ya kwanza, kabla usimbaji haujaanza. Ni kama kuandika jina juu ya bahasha na kuacha siri ndani. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu waliendelea kununua anuani za ziada, kwa sababu Internet Explorer kwenye Windows XP haikuielewa SNI. Leo kisingizio hicho hakipo. Hata simu ya bei ndogo inayouzwa mnadani inaielewa.

Jinsi ya kupanga

Tutumie mfano wa kutunga: shule iliyopo Katesh, yenye anuani moja ya umma na jina shuleyetu.sc.tz. Ina seva tatu ndani. Ya tovuti iko 192.168.10.11, ya maktaba iko 192.168.10.12, na ya matokeo iko 192.168.10.13. Tunaongeza kompyuta ya nne, hata iwe ndogo na ya zamani, iwe karani. Kitaalamu inaitwa riversi proksi, yaani proksi ya mlangoni. Tuipe 192.168.10.2. Programu zinazofanya kazi hii bila malipo zipo nyingi, zikiwemo nginx, HAProxy, Caddy na Apache.

Kwanza, kwenye DNS, majina yote matatu (www, maktaba na matokeo) yaelekezwe kwenye anuani ile ile moja ya umma.

Pili, kwenye rauta, poti 80 na 443 zipelekwe kwa proksi tu. Seva nyingine zisifunguliwe moja kwa moja kwa nje.

Tatu, kwenye proksi, kila jina lipewe seva yake. Kwa nginx, sehemu ya maktaba inakuwa hivi:

server {
    listen 443 ssl;
    server_name maktaba.shuleyetu.sc.tz;
    ssl_certificate /etc/ssl/maktaba.pem;
    ssl_certificate_key /etc/ssl/maktaba.key;
    location / {
        proxy_pass http://192.168.10.12:8080;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    }
}

Tovuti na matokeo zinafuata muundo huo huo, unabadilisha jina, vyeti na anuani ya ndani. Usisahau ile mistari miwili ya mwisho. Bila wa kwanza, seva ya ndani haitajua mgeni aliita jina gani. Bila wa pili, kumbukumbu zake zitaonyesha kwamba wageni wote duniani wanatoka 192.168.10.2, na siku mtu akijaribu kuvunja neno la siri hutajua alitokea wapi.

Nne, vyeti vya usalama. Let's Encrypt wanavitoa bure tangu 2015. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo upya wake lazima ujiendeshe wenyewe. Ukaguzi wao wa kawaida hupita poti 80, ndiyo maana hatukuifunga.

Mitego inayowakuta wengi

Mtego wa kwanza ni laini ya simu. Kama taasisi inatumia rauta yenye laini ya kawaida, huenda haina anuani ya umma kabisa, kwa sababu kampuni nayo imeweka NAT yake juu ya yenu. Angalia anuani ya nje iliyoandikwa ndani ya rauta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi hata ufungue poti usiku kucha, hakuna mgeni atakayefika. Omba anuani ya umma ya kudumu kutoka kwa mtoa huduma, au kodi seva ndogo ya nje na uunganishe njia ya siri kutoka ndani kwenda huko.

Mtego wa pili ni mtumiaji wa ndani. Mwalimu akiwa ofisini anafungua maktaba, DNS inampa anuani ya umma, ombi linafika kwenye rauta, na rauta nyingi hazijui kuligeuza lirudi ndani. Nje inafunguka, ndani inagoma! Dawa yake ni kuweka DNS ya ndani inayojibu kwamba maktaba iko 192.168.10.2. Shika hatua hii, tutairudia.

Mtego wa tatu ni kudhani kila huduma ina jina. Ujanja huu unafaa kwa wavuti kwa sababu wavuti unataja jina. SSH haitaji, na huko utarudi kwenye poti tofauti au VPN. Hifadhidata zenyewe usizifungue nje hata kidogo.

Mtego wa nne ni karani kuugua. Proksi ikizima, zote tatu zimezima. Iwekee betri ya kutosha, na faili za mpangilio wake zihifadhiwe mahali pengine, ili kompyuta nyingine iweze kushika zamu ndani ya saa moja.

Kwa nini tujisumbue

Mtu anaweza kuuliza: si tukodishe tu nje, tulale? Kwa tovuti ya matangazo, kweli, kodisha ulale. Lakini fikiria mifumo inayotumiwa zaidi na watu waliomo humo humo ndani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza 1955 huko Mbulu, iko mbali na mji wowote mkubwa. Taasisi ya namna hiyo, au sekondari iliyo pembezoni, ikiweka mafaili yake yote Ulaya, kila karani anayefungua faili la mtu aliyekaa mbele yake anategemea nyaya na minara yote iliyopo katikati. Laini ya nje ikikatika, kazi inasimama, wakati mgonjwa na daktari wako chumba kimoja.

Hapo ndipo ile DNS ya ndani inapolipa. Kwa kuwa inajibu kutoka ndani, na proksi iko ndani, na seva iko ndani, mfumo unaendelea kufunguka kwa jina lile lile hata kama intaneti imekufa. Mtumiaji habadilishi chochote.

Lakini tusidanganyane kwamba cha nyumbani ni salama daima. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka mteremko wa Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba na maduka yakafukiwa. Seva iliyo ndani ya jengo lililofukiwa haimsaidii mtu, hata kama proksi yake ilipangwa vizuri namna gani. Kwa hiyo pesa iliyookolewa kwa kutonunua anuani za ziada itumike kwenye nakala inayotunzwa mbali, Babati, Arusha au kwingineko, ikiwa imesimbwa na kutumwa kila usiku. Kazi ifanyike karibu, nakala ikae mbali.

IPv6, yenye biti 128, itamaliza uhaba huu, na ukipewa ikubali. Ila wageni wako wengi bado wanafika kwa IPv4, kwa hiyo karani wetu ana kazi miaka kadhaa ijayo.

Jipime

1. Kwenye laptopu yako weka seva mbili ndogo, poti 8001 na 8002, kisha nginx mbele yake. Ongeza majina mawili ya kubuni kwenye faili la hosts yaelekee 127.0.0.1. Je, kila jina linaleta ukurasa wake?

2. Futa mstari wa proxy_set_header Host. Nini kimebadilika kwenye kumbukumbu za seva ya ndani?

3. Ukienda fildi, uliza: mfumo upi hapa unapaswa kuendelea kufanya kazi intaneti ikikatika, na nakala yake iko wapi? Andika jibu lao kwenye ripoti.