SOMO: OILI YA MAGARI YA ZAMANI



Safari hii tutajifunza habari za oili. Wengine watauliza, chama cha wafanyakazi na oili wapi na wapi? Tutaeleza.

Mwenzetu mmoja, dereva wa miaka mingi katika shamba la chai ambalo hatutalitaja jina, alikuwa akiendesha Land Cruiser ya petroli ya mwaka 1978. Siku moja injini ikaanza kugonga upande wa juu, penye valvu, na gari likawa halina nguvu ya kupanda mlima. Fundi alipoifungua alikuta kemshafti imelika. Wakubwa wakasema dereva ni mzembe, akatwe mshahara miezi kumi. Tulipokwenda kumtetea hatukuwa na karatasi hata moja mkononi. Kilichotuokoa ni kopo. Tandiboi wake alikuwa ameliweka kopo tupu la oili ili achotee maji, na ubavuni limeandikwa 0W-20. Oili ile ilinunuliwa na stoo, wala si na dereva, na kitabu cha gari kilitaka oili nzito zaidi. Makato yakafutwa. Tangu hapo tuliona kwamba kusoma kopo la oili ni elimu ya mfanyakazi, sawa na kusoma mkataba.

Basi tusome kopo. Utakuta herufi SAE na namba, kama 20W-50 au 15W-40. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyopita wakati wa baridi kali, baridi ya Ulaya ya kugandisha maji. Sisi Kigali baridi hiyo hatuijui. Hata asubuhi ya mapema huko Gicumbi gari litawaka bila taabu kwa 20W. Namba ya pili ndiyo yetu. Inaonyesha uzito wa oili injini ikiwa imechemka, nayo hupimwa kwenye joto la digrii 100. Injini za zamani zilitengenezwa na nafasi kubwa kidogo kati ya vyuma, na miaka imeongeza nafasi hiyo. Ukitia 0W-20 ya gari jipya, oili inapita kama maji, presha inashuka, taa nyekundu inawaka gari likisimama, na sili zinavuja. Kwa hiyo injini nyingi za petroli za miaka ya 1960 na 1970 zinapenda 20W-50, au namba 30 au 40 peke yake ikiwa kitabu kimesema hivyo.

Lakini uzito si jambo pekee. Ile Land Cruiser haikuuawa na wepesi tu. Katika injini nyingi za zamani kemshafti inasukuma tapeti kwa kusuguana, chuma kwa chuma. Kinachozuia kulika ni dawa yenye zinki na fosforasi iliyomo ndani ya oili. Dawa hiyo huharibu kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi ya magari mapya, ndiyo maana viwango vya mwaka 2004, vinavyoitwa API SM, viliipunguza fosforasi katika oili nyepesi mpaka asilimia 0.08. Oili nzito kama 20W-50 haikubanwa na kikomo hicho. Tazama basi: oili ghali na mpya kabisa inaweza kuwa mbaya kwa mzee wetu. Mwaka 2018 Volkswagen ilianza kuunganisha magari hapa Kigali. Jina ni lile lile, lakini oili ya Polo mpya usiitie katika Volkswagen ya zamani yenye mgongo wa kobe. Injini ile inapozwa kwa hewa, inachukua lita 2.5 tu, na haina filta ya oili bali chujio la waya. Ibadilishwe oili kila kilometa 5,000 au kabla, maana uchafu hauna pa kwenda.

Wala usikimbilie upande wa pili ukanunua oili yoyote ya bei rahisi. Herufi za API zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kopo lenye SA halifai kwa injini ya petroli iliyotengenezwa baada ya 1930, na SB halifai kwa iliyotengenezwa baada ya 1951. Muuzaji akikuambia SA ni ya magari ya zamani, mwulize zamani ipi.

Kwenye giaboksi, angalia GL-4 na GL-5. Watu hudhani tano ni bora kuliko nne. GL-5 ina dawa nyingi zaidi zenye salfa, nzuri kwa difu, lakini baadhi ya oili hizo hula pete za shaba ya manjano ndani ya giaboksi za zamani. Kitabu kikisema GL-4, dai GL-4.

Sasa breki, na hapa tunaomba msikilize vizuri. Sisi tumezoea kusema "oili ya breki", na kwa Kinyarwanda vilevile ni amavuta, kwa hiyo mtu akiishiwa njiani anaona oili ni oili, anamimina ya injini. Hiyo ya breki si oili! Ni maji ya aina yake, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini huvimbisha raba za pampu, breki zikashika zenyewe au zikakataa kabisa. Fikirini lori limejaa wachumaji, linashuka Shyorongi kuja Nyabugogo. Ikiwa oili imeshaingia, kusafisha peke yake hakutoshi. Raba zote zibadilishwe, na gari lisitoke mpaka hapo. Dereva anayekataa kuliondoa gari kama hilo si mkaidi, na tawi limsimamie.

Neno kwa mafundi wa gereji za Gatsata na kwingineko. Oili iliyotumika inaweza kuleta kansa ya ngozi. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliandika habari za wasokotaji wa pamba waliopata kansa sehemu za siri kwa sababu ya nguo zilizoloa oili ya mashine. Usitie tambara la oili mfukoni. Osha mikono kwa sabuni, si kwa petroli. Dai glovu.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano wa tawi: kila dereva na fundi anunue daftari dogo. Aandike namba ya gari, oili inayotajwa na kitabu chake, oili aliyopewa na stoo, tarehe na kilometa, na mtunza stoo atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, mbele ya shahidi. Makopo matupu msiyatupe, yaleteni.