Kware wa Kwenye Tundu na Mvua Isiyokuja



Somo letu safari hii ni juu ya ndege mdogo ambaye watu wa Busia, Samia, Nambale na huku Malaba wanamjua tangu utotoni. Ni kware, yule Wajaluo humwita aluru na Waluhya humwita isindu. Kikundi kimoja cha akina mama kilituuliza: "Mbona siku hizi ndege analia na mvua haiji?" Hilo si swali la mchezo. Walimsikia akilia, wakapanda mahindi, yakamea vizuri, halafu jua likayakausha yote. Pesa za mbegu zilikuwa za mkopo wa kikundi na bado zinadaiwa.

Hebu tuanze na kile wazee wetu walikuwa wakifanya. Kware dume alifugwa kwenye tundu dogo la kusukwa, akalishwa wimbi na mchwa. Majira ya mvua yalipofika, matundu yalitundikwa juu ya mti mrefu shambani, mmoja juu ya mwenzake, na mitego ikawekwa kwenye nyasi chini. Alfajiri dume alipolia, kware wa porini walimfuata sauti wakanaswa. Kwa hiyo ndege huyu alikuwa kitoweo na tena kalenda. Akianza kulia sana, watu walinoa majembe.

Na wazee hawakuwa wajinga. Kware wa huku kwetu ni msafiri, hufuata mvua. Mvua ikinyesha mahali, nyasi huota, wadudu huzaliwa, mbegu za majani hukomaa, na ndege hupata chakula cha kulelea makinda. Lakini tuangalie hapo vizuri. Kware wa porini akifika kwako ametuambia habari ya mvua iliyokwisha kunyesha na nyasi zilizokwisha kuota. Hajui wiki ijayo itakuwaje. Zamani mvua ikianza ilikuwa ikiendelea, kwa hiyo ishara yake ilitosha. Siku hizi inaweza kunyesha siku tatu, halafu ikatoweka wiki tatu, na ndege amekwisha kulia.

Yule wa kwenye tundu ni shida zaidi. Mwili wa ndege hujitayarisha kuzaa kwa kuangalia mambo mawili makubwa, yaani chakula na mwanga. Kule Ulaya mchana hurefuka sana wakati wa kiangazi chao, na ndege hujua majira kwa hilo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, unabadilika dakika chache tu. Ndiyo maana ndege wetu hutegemea zaidi mvua na chakula. Sasa fikiria tundu limetundikwa sebuleni chini ya balbu ya stima au taa ya sola, na watoto wanasoma mpaka saa nne usiku. Ndege huyo anapata mwanga wa saa kumi na sita. Anakula wimbi kila siku, hana njaa ya kiangazi. Kware ni mmoja wa ndege ambao wanasayansi wamewatumia sana kuchunguza jambo hili, na wameona kwamba dume akiongezewa mwanga huanza kulia na kutafuta jike. Mwili wake unamwambia majira yamefika. Kumbe ni stima imefika!

Kuna jambo lingine ambalo wengi wametusimulia wakidhani ni uchawi. Usiku ndege anarukaruka kwenye tundu, anajigonga kichwa mpaka anatoka damu. Ndege wengi wa kusafiri wana tabia hiyo. Majira ya safari yakifika, hata akiwa amefungiwa, mwili unataka kwenda. Kware naye akishtuka huruka juu moja kwa moja kama risasi. Weka kitambaa laini juu ya tundu na uzime taa mapema. Hakuna aliyemroga.

Na hali ya hewa yenyewe imebadilika kweli, hatuwezi kumlaumu ndege peke yake. Kumbukeni mwaka 2019. Mwezi wa Machi kimbunga Idai kilipiga Msumbiji, na katika majuma hayo mvua ya masika huku kwetu ilichelewa. Sehemu nyingi za Kenya zilikaa kavu mpaka Aprili ikaenda sana. Waliopanda kwa kalenda ya zamani walipanda mara mbili. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuliko kawaida, mvua ikazidi, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kiasi ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Watu wa Budalang'i walihama na vitanda vyao. Mwaka mmoja, kiangazi na gharika!

Basi tuache ishara za wazee? Sisi hatusemi hivyo. Kule Bunyore ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa kusoma mvua, walianza karibu mwaka 2008 kukaa pamoja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa na kulinganisha utabiri wao. Nao hawakuangalia ndege peke yake. Waliangalia miti, wadudu, upepo, yote kwa pamoja. Hapo ndipo wengi wetu tumekosea, tumechukua ishara moja tukaiacha mingine kumi.

Tunashauri kikundi kifanye hivi. Tafuteni mkebe wenye pande zilizonyooka, uwekwe mahali wazi mbali na miti na mabati, na mtoto wa shule apime maji kwa rula kila asubuhi kisha ayamwage. Wataalamu wengi husema mvua ya kupandia ni kama milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Hata hivyo chimbeni kidogo kwa jembe, mwone kama unyevu umeshuka au umelowesha vumbi la juu tu. Sikilizeni utabiri kwenye redio, na mmwombe afisa wa kilimo awaeleze wa kaunti yetu, maana wa Nairobi hautusaidii sana. Kwenye daftari hilohilo andikeni siku kware wa porini aliposikika. Yule wa sebuleni msimwandike.

Neno moja juu ya kuku. Kuku wakinyamaza, wakijikunyata na kuacha kutaga, wengine husema mvua inakaribia. Inaweza kuwa wanabadilisha manyoya tu. Lakini mkiona kinyesi cha kijani na shingo zinapinda, huo ni ugonjwa wa Newcastle, na humaliza boma zima kwa siku chache. Chanjo ya matone ya macho irudiwe kila miezi mitatu au minne. Kware naye hushika ugonjwa huo na anaweza kuubeba, kwa hiyo tundu lake lisiwekwe ndani ya banda la kuku. Tena mkumbuke Januari 2017, Uganda ilipothibitisha mafua ya ndege kwa ndege wa porini kando ya ziwa karibu na Entebbe. Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka ng'ambo, na akina mama wetu wa mpakani wakabaki na matenga matupu. Ukiokota ndege aliyekufa usimpike. Mwite afisa wa mifugo.

Kabla ya kutega au kufuga kware, ulizeni kwanza ofisi ya KWS. Kware ni mnyamapori kisheria, na wakati wa ile homa ya mayai ya kware ya 2013 na 2014 wengi walinunua ndege kwa mkopo bila kuuliza juu ya kibali, halafu bei ikaanguka wakabaki na ndege na deni.

Maswali ya kujadili: Nani kati yetu ana kware ndani ya nyumba, na taa huzimwa saa ngapi? Mwaka jana tulipanda tarehe gani, na mvua ilikatika siku ngapi baadaye? Kama hakuna anayekumbuka, nani atanunua daftari, na mkebe utakaa boma la nani?