Taa za Ukungu Zitazame Barabara



Sisi wa Ngerengere tuko chini, ukungu hautusumbui sana. Lakini magari yetu hupanda Uluguru kufuata ndizi na mananasi, na huko ukungu hushuka mpaka barabarani. Asubuhi moja ya masika tulikuwa na baiskeli upande wa Kinole. Ikaja pikapu imejaa ndizi. Taa zake za ukungu, zile ndogo za chini, zilikuwa zimeinuka, zikatupiga machoni. Mwenzetu mmoja hakuona kitu, akaingia mtaroni na kuvunjika mkono. Dereva hakuwa mlevi, wala hakukimbia. Ni taa tu.

Ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea hewani. Mwanga ukiyapiga, hurudi machoni mwa dereva. Ndiyo maana ukiwasha taa kubwa zote unaona weupe mtupu. Taa za ukungu hufungwa chini ili mwanga upite chini chini, uonyeshe barabara na kingo zake. Zikiinuka hazina faida tena.

Kazi ya kuzirekebisha si ngumu. Tairi ziwe na upepo wa kutosha. Simamisha gari mahali tambarare, jioni, lielekee ukuta. Kutoka taa hadi ukuta ziwe mita 10. Pima kwa futi kamba, siyo kwa hatua! Kisha pima kutoka ardhini hadi katikati ya kioo cha taa. Tuseme ni sentimita 60. Toa 20, zinabaki 40. Piga mstari wa chaki ukutani, sentimita 40 kutoka ardhini.

Washa taa, moja uizibe kwa ubao. Ukingo wa juu wa mwanga uguse mstari, usiupite. Ukipita, legeza nati ya kitako cha taa kwa spana, uiinamishe kidogo kidogo. Taa nyingine zina skrubu, hizo ni bisibisi tu. Ukishakaza tazama tena ukutani, maana taa huhama wakati wa kukaza.

Wengi hukosea kwenye mzigo. Gari tupu taa ziko sawa. Pakia magunia, nyuma inakaa, pua inainuka, na mwanga unapanda. Ndivyo ilivyokuwa ile pikapu. Basi gari la mizigo lipimwe likiwa na mzigo wake wa kawaida. Likiwa tupu litamulika karibu zaidi, lakini halitamwumiza mtu macho.

Sasa hesabu. Mwanga unashuka sentimita 20 katika mita 10, yaani 2 kila mita. Taa ya sentimita 60 itagusa ardhi mita 30 mbele. Gari la kilometa 80 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 50 kusimama, hata barabara ikiwa kavu. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo. Ukungu ukiisha, azime taa hizo.

Zoezi: Taa iko sentimita 50 kutoka ardhini. Mstari wa chaki uwe wapi? Mwanga utagusa ardhi mita ngapi mbele? Andika majibu daftarini, umpe mwenzako asahihishe.