Friji ya Nyumbani na Namna ya Kuitunza

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo ambalo mwanafunzi akienda nalo likizo litawafaa wote nyumbani, wala lisiwe la kumkumbusha mtihani. Nami nimechagua friji, ambayo kwa jina jingine huitwa jokofu. Sababu yangu ni hii. Muhula huu nilipowauliza wanafunzi wa Kidato cha Pili ni nani ajuaye namna friji inavyofanya kazi, mikono mingi iliinuka, na karibu wote walinijibu kwamba ndani yake mna mashine ya kutengeneza baridi. Jibu hilo si sahihi, na kwa kuwa wazazi wengi nao huliamini, laleta hasara jikoni, na pengine maradhi.

Baridi haitengenezwi. Baridi ni upungufu wa joto tu. Kazi ya friji ni kuchota joto lililomo ndani na kulimwaga nje, kama vile mvuvi anavyochota maji katika mtumbwi unaovuja na kuyamwaga baharini. Akiacha kuchota, maji hurudi. Friji nayo ikizimwa, joto la chumba hurudi ndani pole pole.

Bibi zetu walilijua jambo hili bila ya umeme. Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu machache hupenya katika udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke. Na kila kimiminiko kigeukapo mvuke sharti kichukue joto mahali fulani. Maji ya mtungi hulichukua joto hilo katika mtungi wenyewe. Friji ni mtungi wa namna hiyo hiyo, ila kimiminiko chake kimefungwa ndani ya mabomba, hutumika tena na tena, wala hakipotei. Kompresa, yaani ile mashine nyeusi iliyoko chini nyuma, huikandamiza gesi mpaka ikawa ya moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya nyuma, ikatoa joto lake chumbani, ikageuka kimiminiko. Kisha hupenyezwa katika kibomba chembamba sana, na ikitoka upande wa pili hukuta nafasi na mgandamizo mdogo, ikachemka. Naam, huchemka katika baridi! Gesi itumikayo katika friji nyingi mpya, iitwayo isobuteni, huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri katika hewa ya kawaida. Ikichemka hunyonya joto la samaki wako na la maziwa yako, kisha hurudi kwa kompresa kuanza safari upya.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri: je, nikifunga madirisha na kuuacha mlango wa friji wazi, chumba kitapoa? La, kitazidi kuwa na joto, maana joto linalotolewa ndani linamwagwa katika chumba kile kile, tena huongezwa na joto la umeme unaoiendesha mashine.

Aliyefahamu hayo hahitaji kukariri kanuni. Joto lisipopata njia ya kutoka, mashine hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, umeme ukaliwa bure, na kompresa ikafa mapema. Kwa hiyo friji isibanwe ukutani. Iachiwe nafasi ya upana wa kiganja hivi nyuma na pembeni, au zaidi kama kitabu chake kinavyoagiza. Isikae karibu na jiko wala mahali pa jua. Mabomba ya nyuma yapanguswe vumbi kwa brashi laini mara mbili kwa mwaka, plagi ikiwa imechomolewa. Katika friji nyingine mabomba hayo yamefichwa ndani ya ubavu, nao huwa wa vuguvugu. Huo si ugonjwa. Najua katika nyumba nyingi friji hukaa sebuleni, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi. Kitambaa cha juu hakina neno, lakini kisiteremke mpaka kuziba mabomba.

Sasa nitasema juu ya chakula, nami nawaomba wasomaji wangu wanivumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari kubwa. Watu wengi hudhani kwamba friji huua vijidudu. Haiui. Huvifanya vizaane pole pole, na barafu huvilaza tu usingizi. Vijidudu vingi viletavyo maradhi ya tumbo huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Sentigredi. Kwa hiyo sehemu ya kawaida ya friji iwe nyuzi 4 au chini kidogo, na sehemu ya kugandishia iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Zile namba zilizoandikwa kwenye kitufe, 1 mpaka 5 au 7, si nyuzi za joto. Aghalabu namba kubwa ni baridi zaidi. Mwenye kipimajoto akitie katika bilauri ya maji, aiweke rafu ya katikati usiku kucha, aisome asubuhi kabla watu hawajaanza kufungua mlango.

Kiporo cha wali ni kitamu, wala siji kukipiga marufuku. Lakini yafaa kujua kwamba katika mchele mna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Sufuria ya wali ikiachwa juu ya mafiga mpaka asubuhi, mbegu hizo huamka, zikazaa, zikatoa sumu, na aina moja ya sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto mpaka ukachemka. Ndiyo maana mtu huapa kwamba alikipasha kiporo sawasawa na bado akatapika. Dawa yake ni kukiingiza katika friji kabla ya saa 2 kupita tangu kuiva. Wengine hungoja mpaka chakula kipoe kabisa kwa kuogopa kuiharibu friji. Hawana haja. Sufuria nzima ya pilau hukaa na moto wake saa nyingi. Igawanywe katika mabakuli mapana yasiyo na kina, mvuke upungue, kisha ifunikwe na kuwekwa ndani. Kiliwe kabla ya siku 3 au 4, kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, wala kisirudishwe tena na tena.

Samaki nao wana shauri lao, hasa jodari na vibua. Wakikaa juani au katika kapu bila barafu, vijidudu hufanya ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini, kinachomfanya mlaji awashwe mwili, uso uwe mwekundu na kichwa kimwume. Kukaanga hakukiondoi, wala friji haiwezi kuondoa kilichokwisha kufanyika. Basi mnunuzi aulize barafu sokoni kabla ya kuuliza bei.

Nyama na samaki wabichi wakae rafu ya chini ndani ya chombo kisichovuja, na vilivyopikwa vikae juu, ili damu isidondokee chakula ambacho hakitapikwa tena. Maziwa yasikae mlangoni, maana hapo ndipo penye joto zaidi. Ndizi, vitunguu na viazi havina haja ya friji.

Katika baadhi ya nyumba friji huhifadhi kitu kikubwa kuliko chakula. Mwanafunzi wetu mmoja anaishi na bibi yake mwenye kisukari, naye alinijia siku moja baada ya masomo na swali ambalo halikuwamo katika kitabu. Dawa ya bibi, insulini, ilikuwa imewekwa nyuma kabisa, imegusa ukuta wa ndani ili ipate baridi nzuri, nayo ikaganda. Wakaiyeyusha, na kwa macho ilionekana nzima. Je, itumike? Nilimwambia asithubutu, aende hospitali siku ile ile aombe nyingine, akaenda. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda hata mara moja hutupwa, kwa kuwa nguvu yake haiaminiki tena. Iwekwe rafu ya katikati, ndani ya kikopo chenye kifuniko, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na sehemu ya barafu. Na wasio na friji wasikate tamaa: mwaka 2021 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba insulini waliyoijaribu katika joto la kupanda na kushuka, kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyopimwa katika nyumba za kambi ya Dagahaley, Kenya, ilidumisha nguvu yake kwa majuma 4. Hata hivyo kila dawa ina masharti yake, na wa kuulizwa ni mwuguzi au mfamasia.

Umeme ukikatika, kishawishi cha kwanza ni kufungua mlango kutazama. Msifungue. Friji iliyofungwa hutunza baridi yake saa 4 hivi. Friza iliyojaa saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo maana nashauri nafasi tupu za friza zijazwe chupa za maji, zisijazwe mpaka juu. Kilo moja ya barafu yenye nyuzi sifuri, ili iyeyuke tu, hunyonya kilojuli 334 hivi za joto. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na wapige hesabu: joto hilo lingeweza kupandisha kilo ngapi za maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100? Nyama, samaki au maziwa yaliyokaa katika joto zaidi ya saa 2 yatupwe, wala yasionjwe kwanza. Ulimi haujui habari ya sumu.

Umeme unaporudi huja kwa kishindo mara nyingi. Friji ichomolewe mara unapokatika, nayo irudishwe dakika 5 baada ya umeme kutulia, maana kompresa haiwezi kuanza ikiwa gesi bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja. Vile vidude vya kulinda friji vinavyouzwa madukani hufanya kazi hiyo ya kungoja, na kwangu mimi bei yao si kitu mbele ya bei ya kompresa mpya.

Jambo la plagi nalisema kwa msisitizo. Mguu wa tatu, ulio mrefu, haukuwekwa kwa pambo. Huo ndio njia ya kuupeleka umeme ardhini ikiwa waya umechubuka na kugusa bati la friji. Nimeona katika nyumba za watu mguu huo umekatwa, au plagi ya miguu miwili imelazimishwa kwa kuchomeka kalamu katika tundu la juu. Friji hiyo yaweza kufanya kazi miaka bila ya tatizo, mpaka siku waya utakapochubuka, na mtoto akaushika mlango akiwa pekupeku juu ya sakafu iliyopigwa deki. Friji ikimpiga mtu shoti hata kidogo, zimeni swichi, msiiguse, mkamwite fundi wa umeme siku hiyo hiyo.

Barafu ikizidi unene wa nusu sentimeta katika friji isiyojiyeyusha yenyewe, ichomolewe, mlango uachwe wazi, na bakuli la maji ya moto liwekwe ndani. Kisu kisitumike kamwe. Bomba la gesi liko nyuma ya bati jembamba tu, likitobolewa friji imekwisha. Tena kuna jambo ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kulijua. Zamani friji zilitumia gesi za kundi la Freon, ambazo haziwaki moto, lakini zilionekana zinaharibu tabaka la ozoni, hata mataifa yakatia sahihi mapatano ya Montreal mwaka 1987 ya kuziondoa. Friji nyingi za leo zina isobuteni, iliyoandikwa R600a kwenye kibandiko cha nyuma, nayo huwaka kama gesi ya kupikia. Kiasi chake ni kidogo, aghalabu hakifiki gramu 150, lakini ukisikia mlio wa kuvuja, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yo yote, na jiko litolewe nje.

Mpira wa mlango uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila mwezi. Kuupima ni rahisi: bana noti mlangoni, uivute, ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Kitundu kidogo kilichoko ndani nyuma kizibuliwe kwa kijiti laini, maji yasituame chini ya mboga.

Friji inapokufa kabisa, watu huitoa uani, ikakaa hapo. Watoto hupenda kujificha ndani. Milango ya zamani ilikuwa na komeo lisilofunguka kwa ndani, na watoto wengi walikufa kwa kukosa hewa, hata Marekani ikatunga sheria mwaka 1956 kwamba kila friji iweze kufunguliwa na mtu aliye ndani. Ndipo mipira ya sumaku ilipoenea. Lakini sumaku nayo mtoto mdogo aweza kushindwa kuisukuma, hasa friji ikiwa imelala kifudifudi, au friza ya kifuniko cha juu ikiwa imewekewa mzigo. Kabla ya kuitoa friji uani, chukueni bisibisi mng'oe mlango wake, nao muuweke mbali.