Gredi ya 10: Chagua Masomo Kwanza, Shule Baadaye

Zamani, aliyetaka kuingia chuo kikuu nchini Kenya alipitia kidato cha tano na cha sita. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliviondoa vidato hivyo. Leo, kabla ya chuo kikuu kuna sekondari pevu ya miaka 3, Gredi ya 10 hadi ya 12. Kundi la kwanza liliingia Januari 2026.

Familia za Riruta zijiandae vipi?

Mkondo: Mwanafunzi huchagua mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo.

Masomo: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, na Hisabati ni ya lazima. Mwanafunzi huongeza masomo 3 ya kuchagua.

Shule: Kundi la kwanza lilichagua michanganyiko 3 ya masomo, na shule 4 kwa kila mmoja, jumla 12. Si kila shule inayofunza kila mchanganyiko. Anayetamani uuguzi akifuata jina kubwa la shule, kisha akose Biolojia na Kemia, ndoto yake huwa hatarini mapema.

Alama: Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, huchangia asilimia 60. Ule wa Gredi ya 6 huchangia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia 20 zilizosalia. Maandalizi, basi, hayangoji Gredi ya 9.

Kabla ya kujaza chaguo, mzazi amuulize mwalimu mkuu: shule hii inafunza masomo anayoyahitaji mtoto wangu?